Kipande, Bahasha na Simu

Siku hizi mwisho wa mwezi ukifika simu hulia, ujumbe ukaingia, na mtu akajua kwamba mshahara umefika. Tunaambiwa haya ni mapinduzi makubwa mahali pa kazi. Huenda ni kweli. Lakini juma hili nataka tuitazame njia ambayo mshahara umepita hadi kufika mkononi mwa mfanyakazi wa Afrika Mashariki, na tuulize kila mara: hesabu ilikuwa mikononi mwa nani?

Tuanze na mashamba ya mkonge ya Tanga. Enzi za Mjerumani, na baadaye za Mwingereza, manamba walioletwa kutoka mbali walipewa kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi 30. Ukimaliza ngwe yako, nafasi moja hutiwa alama. Usipoimaliza, au nyapara akisema hukuimaliza, siku hiyo imekwenda bure. Mshahara ulitoka nafasi zote 30 zilipojaa, hata kama zilichukua zaidi ya mwezi. Kadi ilikuwa ya manamba, kalamu ilikuwa ya bwana shamba.

Nchini Kenya kipande kilikuwa kitu kigumu zaidi. Sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutembea nacho, alama za vidole zikiwa ndani, na wengi walikining'iniza shingoni katika kikopo cha bati. Humo uliandikwa pia mshahara. Kwa hiyo mwajiri mpya alijua yule wa zamani alilipa kiasi gani, na hakuona sababu ya kuzidisha. Kama wa zamani hakutia sahihi ya kumruhusu aondoke, mtu huyo alihesabiwa mtoro.

Mwaka 1921 walowezi walipoamua kukata mishahara kwa theluthi moja, aliyesimama kupinga ni Harry Thuku, kijana aliyekuwa akiunganisha simu katika ofisi ya Hazina mjini Nairobi. (Simu na Hazina: majirani wa siku nyingi, kumbe!) Alikamatwa Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi. Kipande chenyewe kilidumu hadi 1947.

Mwaka huohuo, mwezi Januari, Mombasa ilisimama. Vibarua wa bandari, wafanyakazi wa reli, hata watumishi wa majumbani waliacha kazi. Kiongozi wao, Chege Kibachia, aliwekwa kizuizini, lakini serikali ililazimika kuitazama upya mishahara na ule utaratibu wa kuajiri watu kwa siku moja moja.

Baada ya uhuru ikaja bahasha, na kisha dirisha la benki. Foleni zake wenye umri wangu hatuhitaji kukumbushwa.

Halafu ikaja simu. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya 2005, shabaha ikiwa kuwarahisishia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watu wakaona kumbe unaweza kumtumia mwenzako fedha, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 hilo ndilo lililotangazwa. Tanzania ilifuata 2008. Kisa kinachonivutia zaidi kilitokea Afghanistan. Mwaka 2009 baadhi ya polisi wa huko walianza kulipwa kwa simu, kwa mtambo wa namna hiyohiyo. Baadhi yao wakadhani wameongezwa mshahara. Hawakuongezwa hata senti. Ilikuwa ni kwamba fungu lililozoea kubaki mikononi mwa wakubwa wao safari hii halikupita huko. Hayo mimi nayaita mageuzi ya kazi, ingawa hakuna aliyeandika sera.

Lakini mtambo huohuo ukiwa mikononi mwa mwingine, mambo hugeuka. Tazama madereva wa teksi za mtandaoni. Abiria, njia, nauli na makato, vyote huandikwa na programu ya kampuni. Nairobi madereva waligoma 2016 baada ya nauli kupunguzwa kwa uamuzi ambao wao hawakushirikishwa. Tanzania, LATRA iliposhusha kiwango cha kamisheni hadi asilimia 15 mwaka 2022, Uber ilisimamisha huduma Aprili mwaka huo, ikarejea Januari 2023 baada ya kiwango kupandishwa. Mvutano ulikuwa kati ya kampuni na mdhibiti. Dereva, ambaye ndiye anayenunua mafuta na kulipia gari, alisubiri kusikia.

Manamba wa Tanga aliweza angalau kuhesabu nafasi zilizobaki kwenye kadi yake. Dereva wa leo huonyeshwa alichokatwa. Ni kwa nini safari ile alipewa mwenzake na si yeye, hilo programu haimwambii.