Mbao Zilizoelea Hewani: Habari ya Shume na Asili ya Kutawanyika Kwetu



Katika mkutano wetu uliopita, tulipoketi kando ya Zoo Lake hapa Johannesburg, mjukuu mmoja aliyezaliwa Ulaya aliniuliza: "Babu, ziwa lile la Usambara ambamo mzee wetu aliongoza magogo majini liko wapi?" Wengi wetu tumelelewa na hadithi hiyo. Lakini miaka yangu katika utumishi wa serikali ilinifunza kutoridhika na neno lisilo na jalada, nami nikaona ni wajibu wangu kulitafiti.

Ziwa hilo halikuwapo. Katika nchi kama Sweden na Canada, magogo yalifungwa pamoja yakasafirishwa kwa maji mpaka viwandani. Mito ya Usambara ni midogo, nayo huporomoka magengeni. Mitarakwa ya Shume ilisimama juu mlimani, ilhali reli itokayo Tanga, iliyofika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, ilipita chini tambarare.

Kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese iliyovuna msitu huo ilipaita mahali pake Neu-Hornow. Miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilijengewa njia ya waya na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, yenye urefu wa kilomita 9 hivi, kutoka Shume hadi stesheni ya Mkumbara, karibu mita 1,500 chini. Waya mnene ulishikilia mzigo, waya mwingine ukauvuta. Bibi alisema kwamba mbao "zilikuwa zikielea". Sisi watoto tulifikiri maji. Yeye alikusudia hewa. Alipokuwa hai sikumwuliza, na hilo ndilo jambo ninalolijutia.

Wala mzee wetu hakuwa nahodha. Bibi alisema alibeba na kufyeka. Tena alifanya kazi ya ujira katika msitu ambao wazazi wake waliingia bila kuomba ruhusa. Kwani amri ya mwaka 1895 iliifanya ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe kuwa mali ya dola ya Kijerumani. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts, wakiwamo askari wa Afrika Kusini, yaliteka Mombo na Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo. Baada ya vita mzee aliteremka Mkumbara, akapanda gari moshi kwenda Tanga, asirudi tena kuishi mlimani. Hapo ndipo kutawanyika kwetu kulipoanza.

Hata hapa tulipoketi palikuwa na msitu wa Wajerumani. Kampuni ya Hermann Eckstein ilipanda mamilioni ya miti ili machimbo ya dhahabu yapate magogo ya kuegemezea, ikauita Sachsenwald; leo ndio mtaa wa Saxonwold. Huku walipanda, kwetu walikata.

Basi tusiwarithishe watoto ziwa lisilokuwapo. Tuwaambie kwamba mzee wao alikuwa kibarua, na kwamba mbao alizozibeba begani zilishuka mlima mzima zikiwa zimening'inia wayani. Mwenye picha ya zamani ya Shume au Mkumbara, hata iliyochakaa, na aje nayo mkutano ujao.