Ua la Usambara na Makumbi ya Pwani

Jina la Malindi limekaa mahali pengi katika Afrika ya Mashariki. Iko Malindi ya pwani ya Kenya, uko mtaa wa Malindi mjini Zanzibar, na iko Malindi ya wilaya ya Lushoto, juu katika milima ya Usambara. Mbili za kwanza ni nchi za minazi. Ya tatu ni nchi ya ukungu na baridi, ambako mnazi haustawi. Hata hivyo mlima na pwani vimeunganishwa na historia moja isiyosimuliwa sana, nayo ni historia ya ua na kumbi.

Tuanze na kumbi. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza chataja mashua za kushonwa katika pwani yetu. Baadaye wazee wetu waliunda mitepe, vyombo ambavyo mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi pasipo msumari. Kazi ya kamba ilidumu Unguja na Pemba, hasa mikononi mwa wanawake. Makumbi hufukiwa katika matope ya ufukweni, ambako maji hujaa na kupwa. Baada ya miezi kadhaa hufukuliwa, yakapondwa kwa gongo, na nyuzi zake zikasokotwa. Katika kuponda huko hudondoka vumbi jepesi la rangi ya kahawia. Kamba ilikuwa mali. Vumbi lilikuwa taka.

Sasa tuje kwenye ua. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Tanga, alipeleka kwa baba yake Ujerumani mmea mdogo wenye maua ya urujuani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland aliupa jina la Saintpaulia, kwa heshima ya ukoo huo. Wenyeji waliopita kando yake vizazi na vizazi hawakutajwa. Mwaka 2015 wataalamu waliuingiza katika jamii ya Streptocarpus. Lakini Wajerumani wangali wakiuita kwa lugha yao urujuani wa Usambara. Tangu miaka ya 1920 wakulima wa Los Angeles, Marekani, walizalisha aina mpya kwa ajili ya soko, na leo ua hilo hupambwa madirishani duniani kote. Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza. Hiki kiliuzwa na wengine.

Kwao msituni mmea huu hukaa kivulini, katika nyufa za miamba, juu ya kuvumwani na majani yaliyooza. Mizizi yake hutaka unyevu na hewa kwa pamoja. Udongo mzito huiozesha. Kwa hiyo walioupanda ugenini walijaza vyungu vyao mboji nyepesi iliyochimbwa katika vinamasi vya nchi za baridi. Vinamasi vilipoanza kuharibika, wengi waligeukia vumbi la makumbi, ambalo hushika maji mengi bila kushindilika. Sehemu kubwa ya vumbi hilo hutoka India na Sri Lanka. Hivyo mwana wa Usambara hulelewa ugenini kwa zao la mnazi, wala si mnazi wa pwani yetu.

Jambo hili si la maua peke yake. Misitu ya Usambara imepungua, na jamaa za ua hili, mojawapo ikiwa imepewa jina la Shume, zimo hatarini katika makao yao ya asili. Nasi katika vitalu vyetu vya miche tumezoea kuchota udongo wa juu wa msituni, yaani tabaka lile lile linalolisha miti na kuzuia maji yasiteremke kwa kishindo.

Vumbi la makumbi laweza kupunguza haja hiyo, mradi lioshwe kwa maji baridi mara kadhaa ili chumvi itoke, kisha lichanganywe na samadi iliyoiva, kwani lenyewe lina chakula kidogo cha mmea. Walimu wa shule zenye bustani, za Tanga na za Lushoto, wanaweza kulijaribu pamoja na wanafunzi wao: kitalu kimoja cha udongo wa kawaida na kimoja cha vumbi, mbegu zile zile za kabichi, na daftari la kuandikia kila juma yaliyoonekana.