Jeni za Mbu na Vimelea vya Malaria: Historia ya Utafiti wa Ukinzani, 1929–2013

Mwaka 1897, huko Secunderabad nchini India, Ronald Ross aliona vimelea vya malaria vikikua katika ukuta wa tumbo la mbu. Ugunduzi huo ulimtambulisha mwenezaji wa ugonjwa, lakini uliacha swali zito: kwa nini mbu wawili wa spishi moja, wakinyonya damu ileile, mmoja huambukizwa na mwingine husalimika? Insha hii inafuatilia majibu yaliyotolewa kwa swali hilo, na inadai kwamba ukinzani haumo katika jeni ya mbu peke yake, bali katika uhusiano wa jeni hiyo na asili ya kimelea.

Hatua ya kwanza ilihusu malaria ya ndege. Kuanzia mwaka 1929, mtafiti wa Marekani Clay Huff aliwachagua mbu aina ya Culex kizazi baada ya kizazi, akaonesha kuwa wepesi wa kuambukizwa hurithiwa. Mwaka 1931 alieleza urithi huo kwa kanuni za Mendel. Hata hivyo, Culex si mwenezaji wa malaria ya binadamu.

Pengo hilo lilianza kuzibwa mwaka 1986. Frank Collins na wenzake walizalisha ukoo wa Anopheles gambiae ulioweza kuvifunika vimelea kwa utando mweusi wa melanini na kuviua. Ukoo huo ulichaguliwa kwa kutumia kimelea cha nyani, nao ulivikinza vimelea vya aina nyingi. Lakini Plasmodium falciparum yenye asili ya Afrika iliponea kwa kiasi kikubwa. Kwa maneno mengine, silaha ilishindwa mbele ya adui yuleyule aliyekusudiwa.

Kuchapishwa kwa jenomu ya Anopheles gambiae mwaka 2002 kuliwezesha jeni kuzimwa mojamoja. Mwaka 2004 ilibainika kwamba kuzima TEP1 au LRIM1 huongeza vimelea vya panya ndani ya mbu, ilhali kuzima CTL4 huvipunguza. Matokeo hayo yaliamsha matumaini makubwa. Miaka miwili baadaye, LRIM1 na CTL4 zilipojaribiwa nchini Kamerun kwa P. falciparum kutoka katika damu ya watu walioambukizwa, athari hizo hazikuonekana.

Mwaka huohuo wa 2006, utafiti uliofanywa Mali kwa mbu wa porini ulionesha kwamba sehemu ndogo ya kromosomu ya pili ina mchango mkubwa katika ukinzani dhidi ya P. falciparum. Watafiti walipendekeza kuwa ukinzani ndiyo hali ya kawaida ya mbu, na kwamba kuambukizwa ni dalili ya kinga iliyoshindwa.

Fumbo la mwaka 1986 lilipata ufafanuzi mwaka 2013, ilipoelezwa kuwa jeni ya kimelea iitwayo Pfs47 humwezesha P. falciparum kuikwepa kinga ya mbu inayotegemea TEP1. Kimelea cha Afrika hupita pale ambapo kile cha Brazili huuawa.

Hivyo basi, historia hii ina uzito kwa mipango ya kubadili jeni za mbu ili kudhibiti malaria. Ushahidi uliopatikana kwa kimelea cha ndege, nyani au panya umefungua njia, lakini haukutosha kuwa hukumu. Jeni inayopendekezwa kwa ajili ya Afrika haina budi kupimwa kwa mbu na vimelea vya mahali husika.