Datsun 240Z ya Safari 1971: Jinsi ya Kujenga Legend Kwa Meza Yako Kaptagat

Ukiskia Kaptagat unafikiria miguu. Kipchoge na mbogi yake wakikata msitu asubuhi, baridi imekamata masikio. Lakini kama wewe ni msee wa magurudumu na ganji ya ndai bado haijaingia, kuna gari moja unaweza kumiliki leo. Inakuja kwa boksi, vipande vya plastiki vikiwa bado vimeshikana kwa fremu, na ukimaliza kuijenga ina urefu wa kama sentimita 17.

Ni Datsun 240Z iliyoshinda East African Safari mwaka wa 1971, kit ya kampuni ya Hasegawa kutoka Shizuoka, Japan. Skeli ni 1/24, yaani sentimita moja kwa meza yako ni sentimita 24 kwa gari ya ukweli. Na kabla buda akuulize mbona mtu mzima ananunua toy: toy unatoa kwa boksi ukianza kusukuma. Hii unaikata, unaisugua, unaipaka rangi na kuibandika mwenyewe, na inaweza kukula wikendi nne.

Watu wa nduthi, najua mnauliza yenu iko wapi. Ipo. Tamiya wana Honda RC166 ya skeli ya 1/12, ile 250cc Mike Hailwood alibebea ubingwa wa dunia 1966 na 1967. Boxer yako hapo stage iko na silinda moja. Hiyo Honda ni 250cc na ina silinda sita, egzosi sita zikitokea nyuma kama filimbi. Ni kit tamu, lakini cheni na nyaya zake zitakutoa jasho kama hujawahi kushika msasa. Anza na Datsun. Bodi ya gari inasamehe makosa, halafu hii historia ni ya nyumbani.

Ilishinda aje?

Safari ilianza 1953, na kufika miaka ya sitini Nissan walikuwa wameamua lazima waishinde. Hii barabara yetu ilikuwa tangazo lao: gari ikimaliza zaidi ya kilomita 5,000 za vumbi, matope na mawe ya Afrika Mashariki, nani atasema gari za Japan ni laini? Huko kwao Safari ikawa story kubwa hadi mwaka wa 1969 Yujiro Ishihara, staa mkubwa wa sinema, akaicheza filamu. Ndio maana mpaka leo kijana wa Shizuoka anaweza kujua Safari kuliko wewe uliyekulia Eldoret. Inauma kidogo, lakini ndio hivyo.

1970 Edgar Herrmann, Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya, akashinda na Datsun 1600 SSS, Hans Schüller akimsomea njia. 1971 wakarudi wawili hao na 240Z, injini ya L24, silinda sita, lita 2.4. Wakashinda tena. Nambari mbili ilikuwa 240Z nyingine, na ndani alikuwa Shekhar Mehta.

Huyo Mehta mshike vizuri. Alizaliwa Kampala. Idi Amin alipofukuza Wahindi Uganda 1972, Mehta akahamia Kenya, na 1973 akashinda Safari na 240Z, Lofty Drews akiwa kiti cha kando. Walimaliza pointi sawa na Harry Källström, hadi ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi bila kupoteza pointi. Baadaye akaibeba tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano! Msee aliyefukuzwa nyumbani akakuwa mfalme wa barabara zetu, na bado ukiuliza mbogi ya leo wengi watakuambia Safari ilianza Naivasha 2021.

Usinunue boksi isiyo yako

Hapa ndio watu hukula hasara. Kuna kit kadhaa za 240Z na Fairlady Z, nyingi zikiwa gari za kawaida za barabarani. Boksi unayotaka imeandikwa Safari Rally na 1971. Cheki picha ya stika za ndani: uone namba ya mlango, 11, na namba pleti ya Kijapani. Kama picha haionyeshi karatasi ya stika, uliza kabla hujatuma chapaa. Tena hakikisha ni kit, si gari ya chuma iliyokwisha kujengwa. Ukiagiza nje, piga hesabu ya usafiri na kodi pia, maana bei ya mtandaoni si bei ya mlangoni.

Maelezo mengi ni michoro yenye namba, kwa hivyo Kijapani kisikutishe.

Vifaa ni vichache: kikata kucha kizuri, wembe, msasa laini, kibanio cha nyusi ulichokopa kwa siz, na brashi mbili. Usivunje vipande kwa mkono. Kata mbali kidogo na kipande, halafu umalizie na wembe na msasa.

Sasa gam. Ukiingia duka Eldoret ukiuliza gam na muuzaji akuangalie mara mbili, usishangae. Huu mji umeona watoto wengi wa mtaani wakiharibika na chupa ya gam mdomoni, na hiyo si kitu ya kucheka. Gam ya plastiki ya kit nayo ina kemikali kali: inayeyusha plastiki kidogo ndio vipande vishikane. Usiitumie keja ikiwa imefungwa, hata kama Kaptagat kunaganda. Na usiwahi kuifungua karibu na jiko, kwa sababu inashika moto haraka. Fungua dirisha, vaa sweta mbili, paka tone dogo, funga chupa. Ukiwa na mtoto kwa nyumba, chupa inakaa juu ya kabati.

Vioo usibandike na super glue. Moshi wake huacha ukungu mweupe kwa plastiki safi na haukutoki. Tumia ile gundi nyeupe ya mbao; ikikauka haionekani.

Rangi na baridi ya huku

Bodi ni nyekundu, boneti nyeusi isiyong'aa, ili jua lisimpige dereva machoni. Kaptagat iko juu, kama mita 2,400, na ukungu wa msitu ni adui wa rangi ya kupuliza. Ukipuliza kukiwa na unyevu, rangi inaweza kufanya weupe weupe kama imemwagiwa unga. Ngoja saa sita mchana siku ya jua. Weka kopo kwa maji ya uvuguvugu kwanza (uvuguvugu tu, si ya chai, na kamwe si kwa moto) ili rangi itoke laini. Praima, kisha nyekundu, tabaka nyembamba tatu badala ya moja nzito. Boneti iache mwisho, ukiwa umefunika nyekundu na selotepu.

Stika zinalowekwa kwa maji kidogo, zikilegea unaziteleza mahali pake. Usizivute.

Halafu ile part ambayo msee wa Shizuoka hawezi kukushinda: matope. Wao hununua unga wa rangi ya udongo kwa kijichupa. Wewe toka nje. Chota udongo mwekundu, ukaushe, uutwange, na uuchuje na soksi nyembamba mara mbili. Hii usiruke, kwa sababu punje ya milimita moja kwa skeli hii ni jiwe la milimita 24, na gari itaonekana imepigwa mawe. Changanya na gundi nyeupe na maji, paka chini ya milango na nyuma ya magurudumu, mengi huko nyuma, machache mbele. Kioo cha dereva acha alama ya waipa.