Kuwait: Jinsi raia wa kigeni walivyofidiwa mali zao

Iraq ilipoivamia Kuwait Agosti 2, 1990, iliamuru balozi zote nchini humo zifungwe ifikapo Agosti 24. Raia wa kigeni wakakosa watetezi wa karibu, huku nyumba, magari na akiba zao vikibaki chini ya jeshi lililoikalia nchi hiyo kwa takriban miezi saba.

Mwaka 1991, Umoja wa Mataifa uliunda Tume ya Fidia mjini Geneva. Kwa kawaida, madai ya raia yaliwasilishwa na serikali yake. Wasio na serikali ya kuwatetea, wakiwemo Wapalestina wengi, waliwasilishiwa na mashirika ya umoja huo.

Tume iliidhinisha Dola za Marekani bilioni 52.4, zilizotokana na mafuta ya Iraq. Malipo yalikamilika Januari 2022.