Udongo wa Kodate: miaka 30 ya donge linaloiokoa rangi ya gari

Disemba 19, 1995, ofisi ya hataza ya Marekani ilimpa Mjapani Tadao Kodate hataza namba 5,476,416. Alichobuni kilikuwa jiwe la kusagia ambalo si jiwe: donge la plastiki linalokandika kama unga wa chapati, lenye chembe ndogo ngumu ndani yake, la kung'olea uchafu uliojikita juu ya rangi ya gari. Mwishoni mwa 2025 hati hiyo ilitimiza miaka 30. Wapenda magari wa Japani, Ulaya na Marekani huliita donge hilo udongo tu, na kwao gari lililooshwa vizuri bila kupitishiwa udongo walau mara moja kwa mwaka bado halijatakata.

Huku kwetu hali ni nyingine, na inasikitisha. Barabara za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala zimejaa magari yaliyotumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Magari yamevuka bahari, udongo umebaki kwao. Mwenye gari akipapasa boneti na kukuta inakwaruza, ushauri wa kwanza anaoupata ni kulipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kupolishi na kopo la kompaundi. Fundi huyo ataisaga rangi nzima ili aondoe kitu kilichokaa juu yake tu.

Kazi ya udongo haihitaji gereji. Gari huoshwa kwanza na kusuuzwa, likiwa kivulini na bodi yake imepoa. Hukatwa kipande cha kuenea vidole vitatu, kikakandwa mpaka kilainike, kisha kikabanwa kiwe bapa. Sehemu ya boneti yenye upana wa nusu mita hivi hunyunyiziwa maji yenye shampuu ya gari hadi iteleze, na udongo hupitishwa juu yake kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni unakwamakwama na kutoa sauti ya mkwaruzo. Baada ya kupita mara kadhaa sauti inapotea, mkono unateleza. Ukiugeuza, upande uliogusa rangi una michirizi ya hudhurungi na vidoa vyeusi, hata kama gari limeoshwa dakika chache zilizopita. Hukunjwa ukatokea uso safi, na kazi ikaendelea.

Ukidondoka chini, hautumiki tena. Punje moja ya mchanga iliyonasa ndani yake inaweza kuchora boneti nzima. Na kazi ikiisha lazima nta ipakwe upya, maana udongo huondoka na ile ya zamani.

Uchafu wenyewe, kwa sehemu kubwa, ni chuma. Kila breki zinapokamata, chembe za chuma huruka, nyingine zikiwa bado za moto, zikatua kwenye rangi na kujikita. Zikipata maji zinashika kutu, na kwenye gari jeupe huonekana kama vidoa vya rangi ya chungwa ambavyo sabuni haivitoi. Reli nazo huchangia. Japani, nchi ya treni nyingi, udongo huu huitwa kwa kazi yake: wa kutoa vumbi la chuma. Marekani, magari mapya yanayosafirishwa kwa mabehewa yanaweza kufika kwa muuzaji yakiwa tayari na vumbi hilo. Ongeza lami, utomvu wa miti na ukungu wa rangi unaopeperuka pale fundi anapopuliza geti kando ya barabara huku magari yameegeshwa upande wa upepo. Ukungu huo wa rangi ni mojawapo ya mambo yaliyoufanya udongo upendwe mapema katika gereji za Japani, kwani ulimwepusha fundi na msasa.

Msasa usingeogopwa hivyo kama rangi ya gari ingekuwa ile ya zamani. Henry Ford alipaka Model T rangi nyeusi tupu kuanzia 1914 hadi katikati ya miaka ya 1920, kwa sababu ilikuwa rahisi na ya kudumu. Watengenezaji waliotaka rangi nyingine walisota. Gari lilipakwa kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, likasuguliwa na kuachwa likauke kwa wiki kadhaa. Kiwanda kilichotoa magari mengi kwa siku kilihitaji maghala ya kuyaweka yakisubiri rangi tu.

Aliyechoshwa na hali hiyo ni Charles Kettering, mkuu wa utafiti wa General Motors, na kisa chake husimuliwa hadi leo. Aliwaita wataalamu wa rangi akawauliza muda huo ungeweza kupunguzwa kiasi gani. Wakasema labda siku chache. Yeye akasema anataka saa moja. Wakamjibu kwamba rangi haikauki kwa saa moja. Baadaye, akiwa Fifth Avenue mjini New York, aliona dukani sinia dogo lililopakwa vanishi inayong'aa. Akalinunua, akafuatilia vanishi hiyo imetoka wapi, mpaka akampata mtengenezaji mdogo katika jimbo la New Jersey. Vanishi ile ilikauka haraka mno, hata ikipulizwa ilikuwa kavu kabla ya kufika kwenye bati. Kazi ya kuituliza ikafanywa pamoja na wakemia wa DuPont, na ikazaliwa Duco, rangi ya nitroselulosi iliyotoka kwenye magari ya chapa ya Oakland ya mwaka wa modeli 1924, ya buluu.

Inasemekana mtaalamu mmoja aliendelea kubisha. Kettering akamwalika chakula cha mchana. Walipomaliza, mgeni akatoka nje akawa anatazama huku na huku. Kettering akamwonyesha gari lililokuwa mbele yake na kumuuliza kama si lake. Mgeni akajibu kwamba linafanana na lake, ila lake lina rangi nyingine. Kettering akamwambia kwamba lilikuwa na rangi nyingine kabla hawajakaa mezani.

Kisa hicho kinafurahisha, na Kettering anastahili sifa zake. Lakini ushindi wake uliifanya rangi kuwa jambo la dakika kiwandani, na jambo la dakika watu hulichukulia kirahisi. Baada ya Duco zikaja rangi za akriliki, kisha katika miaka ya 1980 ikaenea kliya, yaani tabaka angavu lisilo na rangi linalopulizwa juu ya rangi yenyewe. Kliya ndiyo inayong'aa na ndiyo inayokinga jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50, wakati unywele wa binadamu unakaribia mikroni 70. Kila inaposagwa kwa kompaundi hupungua, na hairudi. Ikiisha, paa na boneti huanza kubabuka mabaka meupe, na hapo hakuna polishi itakayosaidia, ni kupuliza upya.

Udongo ulivuka kwenda Marekani mapema miaka ya 1990, na huko ukazua ugomvi. Kampuni ya Auto Wax ya Dallas, Texas, ndiyo iliyoutangaza kwa jina la Clay Magic na kushikilia haki zilizotokana na hataza za Kodate. Hataza ya pili, namba 5,727,993, ilitolewa mwaka 1998. Wakati huo wenye magari walikuwa wameshaonja matokeo, na kila muuza nta alitaka udongo wake rafuni. Mwaka 1999 Auto Wax ilifungua kesi dhidi ya Mark V Products katika mahakama ya shirikisho ya Dallas, na shauri hilo likavuka na kuingia karne mpya. Kilichogombaniwa kilitoshea kwenye kiganja: plastiki ya polibuteni iliyochanganywa na chembe za kusagia. Kwa mtazamaji wa nje ilionekana ajabu watu kushtakiana kwa donge la kukanda. Lakini biashara ilikuwa kubwa, na majina makubwa ya vifaa vya kutunza gari, Meguiar's na Mothers yakiwemo, nayo yakaleta seti za kutumia nyumbani, zenye udongo, chupa ya kilainishi na taulo. Muda wa hataza ya 1995 umekwisha siku nyingi, ndiyo maana leo udongo hutengenezwa na viwanda vingi, vizuri na vibaya.

Hati za Kodate zinafaa kusomwa pia kwa sababu zinakata mzizi wa ubishi mwingine. Wauzaji wengi husema udongo hausagi, unavuta uchafu tu. Hati zinasema wazi kuwa ndani yake mna chembe za kusagia. Zinakata kilichoinuka juu ya uso laini, na kilainishi huzizuia zisile uso wenyewe. Kikipungua, kliya laini ya gari jeusi itabaki na michoro hafifu, itakayohitaji polishi nyepesi. Anayemuuzia mtu udongo bila kumwambia hivyo anamdanganya, na anayeutumia mkavu anajiharibia mwenyewe.

Elimu hiyo ndiyo inayokosekana huku. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka minane, Tanzania huyatoza kodi ya ziada magari ya zamani, lakini hata lililo ndani ya umri huja na miaka ya vumbi la breki, maegesho ya bandarini na safari ya baharini. Mnunuzi hulipa mamilioni, akaangalia injini, matairi na kilomita, kisha wiki ya kwanza anakubali bodi isagwe kwa kompaundi ile ile inayotumika kwenye gari lililotoka kupulizwa kichochoroni. Vyuo vya ufundi vinavyofundisha upakaji rangi vingeweza kulisomesha jambo hili kwa asubuhi moja. Mafundi wetu wana mikono mizuri. Hawajapewa kifaa.

Miaka ya karibuni zimekuja glavu na taulo zenye mpira maalumu unaofanya kazi ya udongo, zinazosuuzwa zikidondoka. Umekuja pia umajimaji unaogeuka zambarau unapokutana na chuma na kukiyeyusha, ili udongo ubakiwe na kazi ndogo.

Kujua kama gari linahitaji yote haya ni rahisi. Kwingineko watu hutumia mfuko mwembamba wa plastiki, wakaingiza mkono ndani na kuupitisha juu ya rangi iliyooshwa na kukaushwa, kwa kuwa plastiki huongeza hisia ya vidole. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini plastiki ya kufungia mkate inatosha, na glavu nyembamba pia. Gari likiwa bado yadi, kabla ya kulipa, mnunuzi apapase paa, boneti na buti, kisha milango ya nyuma kwa chini, kwenye vumbi la magurudumu. Paa laini na milango inayokwaruza ni dalili ya vumbi la breki, na hilo udongo unaliweza. Paa likiwa na mabaka meupe yanayobabuka, kliya imeshakwisha, na bei ijadiliwe upya.