Kiinua Mgongo cha Yaya

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia inayoingia hata jikoni. Fungueni daftari zenu, mwandike maneno haya: kiinua mgongo. Maana yake ni fedha anazopewa mtumishi anapoachishwa kazi, kwa ajili ya miaka aliyotumika.

Zamani mtumishi hakuwa na haki hiyo. Mwaka 1923 Serikali ya Kiingereza katika Tanganyika ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Mtumishi aliyetoroka kazi kabla ya mkataba kwisha aliweza kushtakiwa kama mhalifu.

Watumishi hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika TFL, na Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Uhuru ulikuja mwaka 1961. Mwaka 1962, ambao sehemu yake kubwa Kawawa alikuwa Waziri Mkuu, ilitungwa sheria ya kiinua mgongo. Tangu hapo malipo hayo si hisani ya tajiri, ni deni.

Siku hizi Tanzania Bara hutumia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Yaya naye yumo. Alipwaye kwa mwezi, akipita mwezi wa kwanza wa kazi, hupewa notisi ya siku 28. Akitimiza miezi 12 mfululizo, kisha tajiri akamwachisha, kiinua mgongo chake si chini ya mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mpaka miaka 10. Aliyeachishwa kwa haki kwa utovu wa nidhamu hapati.

Haya, tufanye hesabu. Yaya ametumika miaka 6. Mshahara wake wa siku ni shilingi 5,000.

5,000 × 7 = 35,000
35,000 × 6 = 210,000

Hizo shilingi 210,000 ni mbali na mshahara ambao hajalipwa. Apewe pia cheti cha utumishi, na kama aliajiriwa mbali, asafirishwe mpaka alikotolewa.

Sasa tazameni. Yaya aliyetumika miaka 15 sheria humhesabia 10 tu. Lakini sheria yasema “si chini ya”, haikukataza kuzidisha. Mtoto aliyebebwa mgongoni sasa anakwenda shule. Mgongo uliombeba ndio huo unaotaka kuinuliwa. Ukimtoa yaya na nguo zake mkononi tu, hizo ni fadhila za punda.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini kiinua mgongo si zawadi?
2. Yaya ametumika miaka 4, kwa shilingi 6,000 kwa siku. Alipwe kiasi gani?
3. Wewe ungemlipa yaya wa miaka 15 kiasi gani? Toa sababu.